Karibu Tena, Urbanus

Kitu cha kwanza Wavinya alichokiona Jumatatu ile, alipofungua duka lake la kutarizi pale Masii, ni mafuta. Vitufe vya kompyuta vilikuwa vinang'aa mafuta ya nyama, na katikati ya herufi mbili palikuwa na kipande cha nyanya ya kachumbari kilichokauka kikawa na rangi ya kutu. Alikitoa kwa ncha ya sindano, akakitupa nje, akaenda kunawa mikono. Kisha akanawa tena.

Hakuhitaji kuuliza ni nani aliyekula pale. Jumamosi alikuwa amekwenda kwa mazishi ya jirani, akamwachia funguo shemeji yake Urbanus, mdogo wa marehemu mumewe. Urbanus aliishi Syokimau na mkewe Wayua, alifanya kazi ya ofisi Nairobi, na hakuna sherehe ya ukoo iliyompita. Alikuwa ameingia dukani akizungusha ufunguo wa gari kidoleni na kusema, "Shem, hii kompyuta yako imezeeka. Niachie leo niiangalie." Wavinya alidhani ataipuliza vumbi.

Kompyuta hiyo ilikuwa ya Ndolo, mumewe. Ndolo aliinunua pamoja na mashine ya kutarizi, akawa anachora nembo za shule kwenye skrini, naye Wavinya anapanga nyuzi na kukaza vitambaa. Ndolo alipofariki, watu walimshauri auze vyote viwili. Hakuuza. Alikaa mbele ya skrini ile akajifundisha, akiharibu vitambaa na kulia, mpaka siku moja mashine ikatoa nembo ya shule ya msingi ikiwa na mwenge ulionyooka. Tangu hapo duka lilimlisha yeye na bintiye Mwikali, aliyekuwa shule ya bweni. Kompyuta ilichelewa kuamka kama mzee wa kazi, lakini ikishaamka ilionyesha picha ya Mwikali akiwa amevaa sare yake ya kwanza, na kazi ikaanza.

Jumatatu ile iliamka haraka, tena kwa mlio asioujua. Picha ya Mwikali haikuwapo. Mahali pake palikuwa na uso wa Urbanus, miwani ya jua machoni, kidevu juu, na chini yake maneno: *Karibu tena, Urbanus.* Chini ya maneno hayo palikuwa na kisanduku kilichodai namba ya siri.

Wavinya alisimama akiangalia uso ule ndani ya kompyuta ya mume wake. Kitu kikamtembea shingoni kama mdudu. Akampigia simu.

"Niaje shem!" Sauti ya Urbanus ilikuwa imejaa asubuhi. "Umeona kazi yangu?"

"Umeniwekea nini?"

"Mfumo mpya, ule wa sasa. Ule wako ulikuwa wa mababu. Saa hii uko sawa na watu wa Nairobi."

"Na hii namba ya siri?"

Akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Si ni siku yako ya kuzaliwa. Jaribu uone."

Wavinya aliiandika kwa kidole kimoja, kama mtu anayemgusa chura kuona kama yuko hai. Tangu Ndolo afe hakuna mtu mzima aliyekuwa ameikumbuka siku hiyo, na sasa aliona afadhali ingeendelea kusahauliwa.

Ndani mlikuwa na makelele ya aina yake. Pembeni mwa skrini kulikuwa na tangazo la dawa ya kuyeyusha tumbo, na tumbo lenyewe limepigwa picha likiwa limeshikwa kwa mikono miwili kama unga uliokandwa. Chini yake habari ya mtu aliyemkatakata mkewe, kisha mwanamitindo asiyejisitiri, kisha tumbo tena. Alifunga hili, likaja lile. Hatimaye aliipata programu ya kutarizi, akafungua nembo, akabonyeza ianze kushona. Kimya. Programu ilisema haioni mashine yoyote. Alichomoa waya, akaurudisha. Alizima vyote, akawasha. Mashine ilibaki imeinua sindano zake hewani, na kompyuta ikaendelea kusema haioni kitu, hali mashine iko hapo ubavuni mwake.

Akalazimika kupiga tena.

"Hiyo ni kitu ndogo sana," Urbanus alisema. "Alhamisi nakuja, tukae pamoja niinyooshe polepole. Lakini usiguse kitu, shem, utaharibu. Na usiniletee mafundi wa mtaani. Ukikwama, mimi niko. Niite tu."

Basi akakwama, na akaita, kwa kuwa kompyuta ilijifunga kila alipoiacha kidogo na siku ya pili namba ya siri ikakataa, kumbe Urbanus alikuwa ameibadilisha kutoka huko kwake, "kwa usalama," akasema. Namba mpya ilikuwa siku waliyofunga ndoa yeye na Ndolo. Wavinya aliiandika, akaenda kusimama nje kwenye jua.

Alhamisi asubuhi alikuja Najmo. Duka la Najmo lilikuwa ng'ambo ya barabara. Aliuza vitambaa, na familia yake ilikuwa na biashara ya mifugo hapo Masii tangu babu yake. Ndugu yake Fathia alikuwa anaolewa, na dira zote, yale magauni mapana ya Kisomali, za akina dada wa bibi harusi zilikuwa kwa Wavinya zikingoja kutariziwa shingo kwa uzi wa dhahabu.

"Mama Mwikali, sikuja kukusukuma," Najmo alisema akiketi. "Nimekuja tu kuziona."

"Njoo uone basi." Wavinya alimwonyesha shingo moja aliyokuwa ameishona kwa mkono, kazi ya siku tatu za kuumiza macho. Zilizobaki zilikuwa zimekunjwa kama zilivyokuja. Akamweleza yaliyoipata mashine. Najmo aliusogelea uso ule wenye miwani, akaukunjia pua.

"Huyu ndiye anakukaribisha kila siku kwa duka lako?"

"Kila siku."

Wakati huohuo kijisanduku kilipanda kwenye pembe ya skrini, na jina la Makau juu yake. Wavinya alimfahamu Makau. Alikuwa rafiki wa Urbanus, mtu wa kucheka kwa sauti kwenye mazishi. Alikibonyeza ili kipotee kama alivyofanya kwa yale matumbo. Hakikupotea. Kilifunguka kikajaa skrini nzima, na hapo ndipo Wavinya alipoelewa kwamba Urbanus, alipokuwa akiweka mfumo wake, aliingia kwa jina lake mwenyewe na kuiunganisha simu yake na kompyuta, akasahau kuitenganisha. Ujumbe wake wote ulikuwa hapo umepangana, kama nguo za ndani zilizoanikwa kando ya barabara.

*Vipi, mjane ameingia boksi, amekubali?* Makau aliuliza.

*Polepole,* Urbanus alikuwa amejibu. *Nimembadilishia kompyuta, sasa hajui kuingia wala kutoka. Ananipigia kila siku. Mwanamke akishazoea kukuita, kazi imeisha.*

*Na ile mashine yake si itakufa njaa?*

*Ikwame ndio poa. Akikosa kazi atanyenyekea. Leo namchukua mathee wangu kule Ndithini nimlete, aseme maneno ya mila, tumalize. Sebuleni kwake nitaweka kiti changu kikubwa.*

Chini palikuwa na vikaragosi vya kucheka, machozi yakiwatoka.

"Audhubillahi," alisema Najmo polepole.

Wavinya alitoka kwa mlango wa nyuma, akashika tangi la maji kwa mkono mmoja, na chai ya asubuhi ikatoka yote. Haikuwa ile tamaa iliyomchafua roho. Wanaume wa kumtamani mjane wenye duka aliwajua, na wengine walimwambia usoni, akawakataa usoni, mambo yakaisha. Kilichomchukiza ni ule utulivu. Mtu ameketi kwenye kiti cha kaka yake, anakula nyama, anajipangusa kwenye vitufe, na huku anamkata mtu mkono wa kulia polepole ili apate kuitwa amfunge bendeji. Na yeye alikuwa amempigia simu. Alikuwa amesema *asante, shemeji*.

Aliporudi ndani, Najmo alikuwa amesimama. "Toa simu upige picha. Mpelekee mkewe. Mpelekee kila mtu."

Wavinya alishika simu, akaielekeza kwenye skrini. Kisha akaiteremsha. "Ndani ya hii simu kuna picha za Mwikali na za Ndolo," alisema. "Huu uchafu hauingii humu."

Badala yake alimpigia Muthoka, fundi wa mji wa Machakos aliyewauzia ile mashine, yeye na Ndolo, miaka ile. Muthoka alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mashine yako haina shida," alisema. "Ni ya zamani, na ile programu ndogo inayoiunganisha na kompyuta haikutengenezewa huu mfumo mpya. Haziongei. Dawa ni kurudi nyuma, kwa mfumo wako wa kwanza."

"Inawezekana?"

"Kompyuta huweka ule wa zamani kando kwa siku chache kabla ya kuutupa. Kama huyo bwana hakuufuta kupata nafasi, bado uko. Lakini mama, stima isikatike katikati. Ikikatika, sitakudanganya, hata mimi nitaogopa."

Akamwongoza neno kwa neno: fungua mipangilio, teremka, teremka tena, tafuta palipoandikwa kurejesha. Kitufe kilikuwapo. Urbanus hakuwa amekifikiria. Hakudhani kuna mtu angetaka kurudi.

Wavinya alikibonyeza, na kompyuta ikaanza maswali. Kwa nini unataka kurudi? Ikampangia sababu achague: programu hazifanyi kazi, mfumo wa zamani ulikuwa rahisi zaidi, sababu nyingine. Alichagua sababu nyingine. Kikafunguka kisanduku cha kuandika maelezo. Akaandika neno moja: *Sikuomba.*

Kompyuta ikauliza kama hangependa kwanza kutafuta maboresho mapya, huenda yangemwondolea tatizo. Ikamkumbusha mazuri atakayoyakosa.

"Inabembeleza," alisema Najmo kwa chuki. "Sikia vile inabembeleza."

"Wote wamesomea shule moja," Wavinya alisema, akabonyeza hapana, kisha hapana tena. Uso wenye miwani ukapotea. Skrini ikawa nyeusi, na katikati yake vitone vikaanza kuzunguka taratibu, namba ya asilimia ikianzia chini kabisa.

Ilikuwa bado haijafika nusu gari liliposimama nje.

Urbanus aliingia akiwa na nyama iliyofungwa kwa karatasi mkononi, na nyuma yake mama yao yeye na Ndolo, Kalunde, amefunga kitambaa kizuri cha kanisani, amebeba mbaazi mbichi kwenye mfuko. Kalunde alikuwa mkulima wa Ndithini, mwanamke wa maneno machache, na Wavinya alimpenda. Alimpokea mfuko, akampa kiti.

"Shikamoo, mwaitu," alimsalimu, akimwita mama kwa Kikamba. "Umefika salama?"

"Nimefika, mwana wakwa," alijibu mama mkwe wake, akimtazama kwa upole uliokuwa na haya ndani yake.

Lakini Urbanus hakuwa amesalimia mtu. Alikuwa ameviona vile vitone. "Hii ni nini? Shem, nani amekuambia uguse?"

"Narudisha mfumo wangu."

"Unarudi nyuma? Watu wanaenda mbele, wewe unarudi nyuma? Hebu ngoja, nizime kabla haijaharibika kabisa." Akanyoosha mkono kwenye swichi ukutani.

Wavinya aliingia katikati, mgongo wake ukiwa ukutani, uso wake karibu na ule mkono. Ulinuka mafuta ya mbuzi. "Ukigusa hapa, Urbanus, nitapiga nduru mpaka soko lote lije."

Mkono ukarudi. Kalunde akainuka nusu. "Ngojeni. Wavinya, mbona tena vita? Si ni wewe umetuita?"

"Mimi? Nimewaita lini?"

"Urbanus amesema umechoka kukaa peke yako. Kwamba unataka akurithi, akuingize kwa nyumba yake kama mila ilivyokuwa zamani, lakini unaona haya kusema, ndiyo unataka niseme mimi."

Wavinya aliyasema yaliyoandikwa, kama yalivyokuwa, bila kupandisha sauti: boksi, simu za kila siku, mashine ikwame, atanyenyekea, kiti kikubwa. Alipofika kwenye kiti, Kalunde alikuwa amekaa tena.

Urbanus alicheka. "Onyesha. Iko wapi?" Akaelekeza kidole kwenye skrini nyeusi. "Mama, unaona? Anafuta kompyuta, halafu anasema kulikuwa na maneno. Mtu akiwa peke yake muda mrefu, kichwa kinaanza kusema."

"Mimi nimeyasoma kwa macho yangu," alisema Najmo.

"Wewe ni mtu wa kuja. Mambo ya Wakamba yanakuhusu nini?"

"Nimezaliwa hapa Masii. Wewe ndiye huja wakati wa pilau."

Urbanus alifungua mdomo, lakini mama yake alikuwa ameinua mkono. "Urbanus. Leta simu yako."

"Ya nini?"

"Kama maneno hayako, hayako. Mimi sisomi vizuri, lakini Wavinya atanisomea. Leta."

Urbanus aliipeleka simu kwenye mfuko wa nyuma, na kiganja chake kikabaki hapo juu yake. "Mama, hiyo ni mambo ya kazi. Kuna siri za ofisi."

"Mfuko usio na uchafu hauogopi kugeuzwa," Kalunde alisema. Aliutazama ule mkono uliofunika mfuko, kisha ule mwingine ulioshika nyama. Karatasi ilikuwa imelowa, na damu ilikuwa inadondoka sakafuni karibu na viatu vyake vizuri. "Hii nyama ndiyo nilikuwa nile nikimaliza kumuuza mke wa Ndolo?"

"Mama, usiseme hivyo."

"Njia nzima kutoka Ndithini unaniambia ni yeye ameomba. Nikaomba rozari nikishukuru kwamba watoto wangu wanasikizana." Aligeuza uso, akatema mate nje ya mlango mara moja, kama mtu aliyeonja kitu kilichooza. "Nenda. Mimi nalala kwa Wavinya."

"Nitakuacha aje hapa?"

"Nenda, nimesema. Gari lako linanuka."

Aliondoka. Nyama aliiacha mezani, labda kwa kusahau, labda kwa kutojua mtu hubeba vipi kitu kama hicho baada ya maneno kama yale. Wavinya aliichukua kwa pembe ya karatasi, akaipeleka nyuma ya soko, akawatupia mbwa.

Aliporudi taa ilipepesa.

Wanawake watatu waliinua macho kwa pamoja. Taa ilififia ikawa kama kaa la moto, feni ya Najmo ng'ambo ya barabara ikasikika ikipunguza mwendo, na vile vitone kwenye skrini vikasita. Kalunde alifanya ishara ya msalaba bila kujua anamwombea nani. Najmo alikuwa anasoma kitu chini ya pumzi. Kisha stima ikarudi na nguvu zake, vitone vikaendelea mpaka namba ilipofika mia.

Skrini ilizimika. Ikawaka. Ikakaa sana, ikifikiri, kwa ule uzito wake wa zamani. Halafu Mwikali akatokea na sare yake inayompwaya mabegani.

Wavinya hakufurahi kama alivyokuwa ametarajia. Alifungua programu, akafungua shingo ya dira, akabonyeza. Mashine ilitoa mlio wake, ikateremsha sindano, na uzi wa dhahabu ukaanza kutembea kwenye kitambaa, ukipinda na kurudi. Kalunde, ambaye hakuwahi kuiona ikifanya kazi, alivuta kiti karibu akawa anaifuata kwa kichwa, kulia na kushoto.

"Hii ndiyo Ndolo alikuwa ananiambia?" aliuliza.

"Ndiyo, mwaitu."

"Na mimi nikamwambia anapoteza wakati," alisema Kalunde, akaendelea kutazama.

Dira za Fathia zilikamilika kabla ya harusi, na Najmo alizipeleka mwenyewe. Lakini mambo ya Urbanus hayakuisha vizuri hivyo. Aliwaambia watu wa ukoo kwamba Wavinya amemgeuza mama yake dhidi ya mtoto wake wa tumbo, na wapo walioamini. Wengine walimsalimia Wavinya kanisani kwa ncha za vidole. Kalunde alirudi Ndithini kwa gari la abiria, na hakumpigia Urbanus simu kwa muda mrefu. Makau alijaribu kupita dukani siku moja na utani wake, akaona jinsi Wavinya alivyomtazama, kama mtu anayetazama kitu kilichokanyagwa, akajidai anatafuta duka lingine.

Aliyempigia Wavinya simu ni Wayua, mke wa Urbanus. Wavinya aliliona jina hilo kwenye simu akatamani kutopokea. Alipokea.

"Nimesikia maneno," Wayua alisema. "Nataka kuyasikia kwako."

Wavinya alimwambia yote, bila kuongeza chumvi wala kupunguza, hata lile la kiti. Upande wa pili ilisikika sauti ya sufuria ikiwekwa chini. Wavinya aliona aibu, ingawa alijua aibu ile haikuwa yake; Urbanus alikuwa amewapaka wote wawili.

"Na ile kompyuta," Wayua aliuliza mwishowe, "inafanya?"

"Inafanya."

"Ulirudisha peke yako?"

"Nilisaidiwa kwa simu. Lakini kitufe nilibonyeza mimi."

"Basi," Wayua alisema. "Nilitaka kujua kama kurudi nyuma kunawezekana." Kisha akakata simu.